Simama Tukuone

Kabla mtu yeyote hajasema neno moja juu ya marehemu, emsii, yule mshika maikrofoni, alikuwa ametambua watu kwa muda ambao ningeweza kupika githeri ya mahindi makavu mpaka ikaiva. Alimtambua mwakilishi wa wadi, akamtambua yule anayetaka kumng'oa mwakilishi wa wadi, akamtambua mwenyekiti wa kamati ya shule, akamtambua bwana mmoja kutoka Nairobi ambaye hata yeye mwenyewe alionekana hajui anatambuliwa kwa lipi. "Simama, mheshimiwa, tukuone! Pungia watu mkono!" Na mheshimiwa anasimama, anavuta koti chini, anapunga. Jeneza liko pale mbele, limefunikwa kitambaa cha zambarau, jua la Chebunyo, alikoolewa, linalipiga, na ndani amelala Chelangat, rafiki yangu tangu tukiwa wasichana. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikitetemeka kwa hasira mpaka mama aliyekuwa kando yangu akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia hapana, mama, nina akili tu.

Halafu wasifu. Ulisomwa na mpwa wa mumewe, mbiombio, kwa sababu wanasiasa walikuwa wamekula saa zote. Alizaliwa upande wa Kericho, akasoma mpaka kidato cha nne, akaolewa, akajaliwa watoto, alikuwa mama mpole na mchapakazi. Mpole! Nani, Chelangat? Chelangat aliyemfukuza fahali wa chifu na sururu mkononi, chifu mwenyewe akitazama? Sitawalaumu watoto wake kwa kutojua. Yeye ndiye aliyekataa kuwaambia. Nilimuuliza siku moja, tukiwa tumeshaota mvi, mbona hawa watoto wako hawajui habari ya chemchemi. Akanijibu huku anapepeta maharagwe, "Rael, niwaambie nilikuwa nani, halafu waniulize nini kilifanyika?" Akaendelea kupepeta.

Nikarudi kwangu Kapsoit na ile hasira, na mezani nikakuta kitabu alichoniachia Kibet, mtoto wa dada yangu. Kibet anafanya kazi na vijana huko Nakuru, kazi ya semina na fulana zilizoandikwa maneno kifuani, na kila akipita huniletea kitu cha kusoma kwa sababu anaogopa mwalimu mstaafu akikaa bila kusoma atakufa. "Anti, hii utapenda. Ni juu ya vijana na kusudi la maisha." Nilikisoma jioni mbili, mvua ya mawe ikipiga mabati. Nusu ya kwanza niliipenda kweli. Kinasema kijana hapati kusudi kwa kujifungia na kujiuliza moyoni yeye ni nani. Hulipata pale watu anaowaheshimu wanapotazama kazi ya mikono yake na kumwambia, hii tumeiona, na wewe tumekuona. Hapo nilitikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, sema tena. Lakini kadiri kilivyoendelea, kilizungumza kama kwamba watu wazima husahau tu kuwaona vijana, kama mtu anavyosahau kutia chumvi, na wakikumbushwa kwa upole wataona. Nilikifunga kwa kishindo. Husahau wapi! Kuonekana ni mali, na wenye nayo humpa wanayemtaka na kumnyima wasiyemtaka, mchana kweupe, kwa mipango. Nilimpigia Kibet simu nikamwambia mwandishi wako anajua mengi, lakini huyo mtu hajawahi kupika kwenye sherehe. Kibet akacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Habari ya chemchemi ilianza mwaka ule mimi na Chelangat tulipomaliza shule. Matokeo yetu hayakuwa mabaya ya kuficha wala mazuri ya kwenda nayo mahali, kwa hiyo tukakaa nyumbani. Wewe kama hujawahi kukaa nyumbani baada ya kidato cha nne huwezi kujua uchungu wa swali moja ambalo watu wa kwetu huuliza kwa nia njema kabisa. Unakutana na mama wa kanisani njiani, anaweka chini kikapu cha chai, anakushika mkono anauliza, "Na siku hizi uko wapi?" Unajibu, "Niko tu." Anasema, "Ni sawa, Mungu yuko," anabeba kikapu chake anaenda. Niko tu! Miaka yote ile ya kuamka gizani na kuoga maji baridi, na mwishowe wewe ni mtu ambaye yuko tu. Ndugu zetu wa kiume nao walikuwa tu, lakini wao waliitwa kwenye mikutano, wakapewa kiti, wakaulizwa vijana mnasemaje. Sisi tulipitia nyuma ya nyumba tukaambiwa tuangalie kama maji ya chai yamechemka.

Maji yenyewe ndiyo yaliyomwamsha Chelangat. Alikuwa akilala kwa kogo wake, yaani bibi yake, na siku zile mimi nilikuwa huko zaidi ya nilivyokuwa kwetu. Jiko la yule kogo naliona mpaka leo: kuta za udongo zimekuwa nyeusi na kung'aa kwa moshi, kuni za matawi ya chai yaliyopogolewa zimepangwa juu ya dari, vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha, vimening'inia, na kitoto cha mbuzi kinalala karibu na mafiga kama mwenye nyumba. Tulikula kimnyet, ugali wa wimbi ule mzito, na mboga za sagaa zilizolala kwenye maziwa, tukimega kutoka sahani moja. Siku hiyo kogo hakula. Alikuwa amelala kwenye ngozi, tumbo linamkata, kwa mara ya tatu au ya nne tangu mvua ianze, na daktari wa zahanati alikuwa ameshasema ni taifodi, ni maji. Chemchemi yetu ilikuwa chini bondeni, kati ya chai na miti ya blugamu, na ng'ombe wa kijiji kizima waliingia humo na miguu yote. Chelangat aliweka chini tonge lake. Akasema, "Kila mtu anajua ni maji. Daktari anajua, chifu anajua, hata huyu mbuzi anajua. Sasa tunangoja nani?" Kogo akafungua jicho moja akasema, "Mnangoja wenye suruali." Asubuhi yake Chelangat alichukua jembe, mimi nikachukua sururu ya baba yangu bila kuomba.

Mwanzoni tulichekwa. Wasichana wawili matopeni, sketi zimefungwa kwa kamba ya sisali! Lakini wasichana wengine wa umri wetu, wale waliokuwa tu, walianza kuja mmoja mmoja, wakileta karai na majembe, mpaka tukawa kikundi. Wavulana walikuja mara moja moja. Kiprono, mwana wa Mzee arap Tonui, tuliyemaliza naye mwaka mmoja, alikuja siku moja amevaa raba nyeupe, akachimba mpaka akapata lengelenge, akaenda kucheza drafti sokoni na hakuonekana tena. Sina ugomvi na Kiprono kwa hilo. Kazi ilikuwa mbaya kweli. Ilibidi tuchimbe nyuma mpaka tufikie pale maji yanapotokea mwambani, na kila tukichimba tope linarudi. Ndipo Chelangat akaenda mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai akamtafuta Fundi Ouma, mjenzi aliyetoka upande wa ziwa na kukaa kwetu miaka mingi, akamwomba atufundishe kujenga ukuta wa mawe. Ouma akamuuliza, "Nani amekutuma?" Chelangat akasema, "Bibi yangu anaharisha." Ouma akasema hiyo inatosha.

Alikuja kila Jumapili baada ya kanisa, amebeba mwiko na timazi kwenye kiondo. Alikuwa mtu wa maneno makali. "Hii jiwe nani ameweka? Toa. Wewe unaweka jiwe kama unaweka mtoto wa mtu mwingine." Lakini ukiweka vizuri alinyamaza, akalipiga na mpini wa mwiko mara mbili, akaendelea, na sisi tulimaliza wiki nzima tukitamani ule mlio. Chelangat ndiye aliyejua kupanga watu: nani anabeba mawe, nani anakanda udongo, nani anabaki nyumbani leo kwa sababu mama yake amekasirika. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ambo ya bonde. Siku fahali wa chifu alipoingia kwenye ukuta mbichi alimfuata na sururu mpaka kwenye chai, na chifu akiwa juu barabarani anapiga kelele, "We msichana! Huyo ni wa nani unajua?" Naye akajibu bila kugeuka, "Mwambie mwenyewe amfunge!" Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye tope.

Afisa wa afya alipokuja kukagua alizunguka ukuta, akachota maji yaliyokuwa yakitoka kwenye bomba, akanywa. Kisha akauliza, "Mkubwa wa kazi hii ni nani?" Sote tukamwonyesha Chelangat. Yule bwana akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, tope na yote, akamwambia kuna chuo cha serikali cha kufundisha watu kazi ya maji, kuchimba visima, kuvuta mabomba, na kwamba yeye angefaa kabisa, bora apate mtu wa kumshika mkono kuingia. Maneno machache tu, kisha akapanda pikipiki yake akaenda. Lakini niliona kilichotokea usoni mwa rafiki yangu na sijakiona tena kwa mtu mzima. Jumapili iliyofuata, yule mama wa kanisani alipoweka kikapu chini na kumuuliza yuko wapi siku hizi, alijibu, "Niko kwa maji." Mama akashangaa, "Kwa maji wapi?" Akasema, "Hapo chini, na nikimaliza naenda chuo cha maji." Usiku na mchana ikawa ni hicho chuo. Alitembea tofauti. Kogo alisema msichana ameanza kukanyaga chini kama mwenye shamba.

Sasa sikilizeni kosa letu, na ni kosa ambalo ni watu wa kwetu tu wanaoweza kulifanya. Kwetu jambo halijatendeka mpaka litendeke mbele ya mgeni wa heshima. Unaweza kujenga kanisa, ukasali ndani yake mwaka mzima, lakini kanisa halijafunguliwa mpaka mtu mwenye gari aje akate utepe. Maji yalikuwa yanatoka, watu wanachota, kogo ameacha kuumwa, lakini sisi wenyewe, wajinga wa kidato cha nne, tukaanza kusema inafaa tufanye sherehe. Na sherehe inataka mgeni, mgeni anataka mtu wa kumwalika, na mtu wa kumwalika Mheshimiwa, mbunge wetu wa wakati huo, alikuwa mmoja tu kijijini, naye ni Mzee arap Tonui.

Alitukaribisha sebuleni kwake. Viti vya kochi vilivyofunikwa vitambaa vilivyofumwa na mkewe, kalenda za miaka iliyopita ukutani, redio iliyovalishwa kitambaa chake yenyewe. Sisi tulikalishwa kwenye benchi karibu na mlango, upepo ukitupiga mgongoni. Chai ya maziwa ilikuja, na mkate uliopakwa siagi, na Mzee akatusifu. Nakubali, alitusifu. "Wasichana, mmefanya kazi. Kongoi, asanteni sana. Lakini kikundi bila mlezi ni kama ng'ombe hana mwenyewe, kila mtu atasema ni yake." Kwa hiyo yeye atakuwa mlezi. Mheshimiwa ni rafiki yake, atakuja. Tena, akasema akimimina chai kwenye kisosi, Mheshimiwa ana nafasi moja ya chuo cha maji mkononi, na ameahidi kuitoa siku hiyo kwa kijana aliyeongoza mradi. Chelangat alishika kikombe kwa mikono miwili. Tulipotoka alikimbia. Msichana mkubwa vile, alikimbia barabarani akirusha mikono, na mimi nikamfuata nikipiga kelele asubiri.

Siku moja kabla ya sherehe tulikuwa nyuma ya nyumba ya Mzee tunamenya viazi. Ndiyo, sisi. Nani mwingine angemenya? Wageni wanakuja, wasichana wa kikundi watapika. Hakuna aliyeuliza, hata sisi hatukujiuliza. Ukuta wa sebule ulikuwa wa mbao, na alasiri hiyo Mzee alikuwa ndani na chifu na mwalimu aliyechaguliwa kuwa emsii, wanapanga nani atakaa wapi na nani atatambuliwa baada ya nani. Tulisikia wakigombana juu ya diwani na mchungaji, nani atangulie. Halafu emsii akauliza, "Na kijana wa kusimama? Yule wa kupewa nafasi?" Chifu, ukweli usemwe, alisema, "Si ni yule msichana mkali?" Kisha sauti ya Mzee, tulivu kabisa, kama mtu anayepanga bei ya ndama: "Chifu, huyo kesho ataolewa mbali. Tukimpatia yeye, tumepatia watu wa huko. Nafasi ikae hapa. Kiprono ni wa kikundi, si alichimba?" Emsii akasema, "Alichimba." Mambo yakaendelea kwa viti.

Nilisimama na kisu mkononi. Sijui nilitaka kwenda kufanya nini nacho. Chelangat alinivuta sketi nikakaa. Uso wake ulikuwa umekauka, lakini alichukua kiazi kingine. "Wacha wapange. Mheshimiwa hajui mpango wao. Nitamwambia mwenyewe." Nikamuuliza atamfikia wapi, na meza kuu imejaa wazee. Akasema, "Nitachukua birika la kunawisha wageni mikono. Mtu akinawishwa lazima akutazame. Hapo nitamwambia jina langu." Nilifikiri ni akili nyingi sana. Hata leo nasema ilikuwa akili nyingi. Hakukuwa na njia nyingine iliyoachwa wazi kwa msichana kumkaribia mtu mkubwa isipokuwa hiyo ya kumtumikia, naye akaichukua.

Mheshimiwa alichelewa. Alipofika alikuwa na haraka, ana sherehe nyingine Sigowet, kwa hiyo wazee wakaamua chakula kiletwe hapo hapo mezani chini ya tenti huku mambo yakiendelea. Spika zilikuwa zinalia vibaya. Emsii alishika maikrofoni akaanza kutambua. Alimtambua chifu, akamtambua mchungaji, akamtambua diwani, akamtambua mlezi wetu Mzee arap Tonui kwa maono yake. Kila mmoja anasimama, anapunga, anakaa. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la chapati, nimesimama pale kwenye kamba ya tenti. Nilimwona Chelangat akiingia kutoka upande wa jiko. Alikuwa amevaa gauni la buluu la dada yangu na kitambaa kipya kichwani, birika mkono wa kulia, karai mkono wa kushoto, taulo begani. Maji ya chemchemi, ya moto kidogo. Akaenda moja kwa moja kwa Mheshimiwa, akapiga goti kidogo kama tulivyofunzwa, akaanza kummiminia. Niliona midomo yake ikifunguka.

Na wakati huo huo emsii akasema, "Na sasa, kiongozi wa vijana wa mradi huu! Simama tukuone!" Chelangat alinyooka wima. Birika mkononi, alinyooka, na mimi niliyekuwa karibu nilimsikia akisema, "Ni mimi." Nyuma ya meza, safu ya pili, Kiprono akainuka, suruali imepigwa pasi, akapunga mkono. Watu wakapiga makofi. Mheshimiwa, mikono yake ikiwa bado kwenye karai, alirefusha shingo kushoto, akairefusha kulia, kisha akasema kwa upole, bila ubaya wowote, "Sogea kidogo, msichana, nimwone kijana."

Hakusogea. Alimimina. Mheshimiwa alitikisa vidole akasema, "Inatosha." Alimimina. "Inatosha, inatosha!" Maji yalijaa karai, yakamwagika kitambaani, yakaingia kwenye mikono ya koti la Mheshimiwa, na Chelangat anaendelea, amemkazia macho usoni, mpaka birika likatoa tone la mwisho. Mimi nilipiga kelele. Nilisema, "Si yeye! Si huyo!" Nilisema kwa nguvu zangu zote na chapati zikaanguka, lakini mtu alikuwa amewasha nyimbo kwenye spika, na mama mmoja wa kikundi cha wapishi akanikumbatia kutoka nyuma akaniziba mdomo. "Utatuharibia siku," akaninong'onezea. Siku ya nani, mama? Hebu niambie, ilikuwa siku ya nani? Walimwondoa Chelangat wakisema msichana ana wasiwasi wa kuona mtu mkubwa. Mheshimiwa alicheka akakausha mikono kwa taulo, akasimama akatoa nafasi ya chuo kwa Kiprono arap Tonui, kijana wa mfano. Chuo kilimchosha kabla ya mwaka kwisha akarudi kwenye drafti. Hata uovu wao haukuwa na faida.

Jumatatu nilienda kwa Mzee peke yangu. Nilimkuta anakagua chai yake, nikamwambia kila kitu nilichokisikia nyuma ya ukuta wa mbao. Hakukana. Aling'oa jani moja bovu akalitupa. "Wewe ukizaa kijana utajua," akasema. Nilizaa vijana, wawili, na nimekuwa nikingoja kujua mpaka leo. Fundi Ouma, ambaye hakualikwa, alishuka bondeni Jumapili iliyofuata akakuta wameshabandika bamba la marumaru kwenye ukuta wake, lenye jina la Mheshimiwa na chini yake jina la mlezi. Alilitazama sana. "Hata jiwe wamelifundisha uongo," akasema. Kisha akatugeukia, "Mimi hapa ni mtu wa kuja, nikifungua mdomo wataniambia nirudi ziwani. Lakini nyinyi ni kwenu. Mbona mnanyamaza?" Nikasema sikunyamaza. Chelangat alikuwa ameinama anaokota vikombe vya plastiki vilivyoachwa na wageni kwenye mfereji.

Na hivi ndivyo mtu anavyozimwa, Kibet, mwandishi wako aandike. Hakulia, hakugombana na mtu. Aliacha tu kwenda bondeni. Wasichana walikuja kumuuliza, mfereji wa juu umeziba, tufanyeje, akawaambia waulize kiongozi. Alianza kuchuma chai ya watu kwa kibarua. Yule mama wa kanisani alipomuuliza yuko wapi siku hizi, alijibu, "Niko tu," na mama, mwanamke mwema, akamwambia Mungu yuko. Nilikuwa kando yake na nilitaka kuuma kitu. Watu wa Chebunyo walipokuja kwa koito, kuposa na kupatana mahari, hakupinga. Nilimwambia, una wazimu, kule ni kukavu, mtu humjui. Akaniambia, "Hapa kila mtu amekosa kuniona, Rael, na kila siku napita mbele yao. Huko wana sababu. Hawanijui."

Nilimsindikiza. Ilikuwa mwisho wa mwaka, na kadiri tulivyoteremka kuelekea Chepalungu, iliko Chebunyo, ndivyo chai ilivyoisha, ikaja mahindi, ikaja vichaka na ng'ombe wembamba, na vumbi likaingia mpaka kwenye meno. Nyumba ya mama mkwe ilikuwa safi, sakafu imesiribwa upya kwa ajili yetu. Wamama wa boma walikuwa wamejaa kwenye viti vifupi, wakatupa mursik, kisha chai, na utani ukaanza kama ilivyo desturi. Kwamba wasichana wa huko kwa chai wana mikono laini. Kwamba wanajua kuchuma majani tu na ng'ombe wanawaogopa. Mama mkwe, ambaye alikuwa na macho ya kucheka, akaweka kikombe chini akaniuliza mimi, kwa kuwa bibi harusi hatakiwi kujisemea, "Sasa mwenzake, tuambie ukweli. Huyu mmetuletea anajua kazi gani?"

Nikavuta pumzi. Nilikuwa naenda kuwaambia yote, ukuta na mawe na afisa wa afya aliyekunywa akamtazama, na sauti inayoita ng'ambo ya bonde, ili angalau nyumba moja duniani ijue imempata nani. Chelangat akanishika goti akalibana kwa nguvu mpaka nikanyamaza. Akajibu mwenyewe.

"Najua kuchota maji."

Wale wamama walipiga vigelegele. Walifurahi kwa moyo wote, maana bwawa lao lilikuwa limekauka na kisima kiko mbali. "Huyu ndiye tulikuwa tunamtaka!" akasema mama mkwe, akampiga begani kwa upendo, na kabla Chelangat hajamaliza chai yake mtungi ulikuwa umeshaletwa, umewekwa miguuni pake.